Málaga Baada ya Magharibi



Mtu akitaja maisha ya usiku katika miji ya pwani ya Uhispania, wengi wetu hufikiria jambo moja tu: vilabu vya dansi, ulevi, na vijana wanaorudi makwao alfajiri. Hayo yako Málaga kama yalivyo katika miji mingi ya bahari, wala hatutayapunguza wala kuyapamba. Lakini tumekaa katika mji huo siku 9 za mwezi wa Agosti, sisi, ahali yetu na binti yetu wa miaka 12, na usiku tuliouona kwa macho yetu ulikuwa na mambo mengine. Ulikuwa usiku wa mabibi na wajukuu, wa samaki wa kubanikwa ufuoni, wa kahawa na maji ya limau yenye barafu. Ndani yake mna pia kumbukumbu nzito inayomhusu kila Mwislamu, na mgeni asiyeijua aweza kuishangilia bila kujua anashangilia nini. Tumeona tuwaeleze yote mawili.

Saa za huko

Yampasa msomaji aelewe kwanza saa za Málaga, kwani bila ya hizo hataelewa lolote kuhusu usiku wake. Mwishoni mwa Juni jua hutua karibu saa tatu na dakika 40 za usiku. Katikati ya Agosti, tulipokuwako sisi, lilitua saa tatu na dakika chache, na isha ikaingia kiasi cha saa nne u nusu. Sisi tuliozoea Mombasa, ambako magharibi mwaka mzima haitoki baina ya saa kumi na mbili na saa moja, tulihisi miili yetu ikidai chakula na kitanda ilhali jua bado li juu ya mapaa.

Sababu ya kwanza ni ya maumbile: Málaga iko mbali na ikweta, na siku za kiangazi huko ni ndefu. Sababu ya pili ni ya serikali. Mji huu uko magharibi ya Greenwich, na kwa hukumu ya jua ungelikuwa na saa sawa na za London. Lakini mwaka 1940, enzi za Jenerali Franco, saa za Uhispania zilisogezwa mbele zikalinganishwa na za Ujerumani, na hazikurudishwa tena. Kila kiangazi huongezwa saa moja nyingine juu ya hiyo. Matokeo yake ni kwamba adhuhuri ya Agosti huingia yapata saa nane na dakika 20 za mchana. Saa ya ukutani na jua zimeachana kwa zaidi ya saa mbili, na watu wa Málaga wamechagua kulifuata jua.

Ongeza hapo joto. Mchana wa Agosti mawe ya barabarani huchoma hata kupitia soli za viatu, maduka madogo madogo hufungwa, na wenyeji hulala kailula, ambayo wao huiita siesta. Neno hilo lina asili ya Kilatini na maana yake ni saa ya sita. Mswahili hahitaji kufafanuliwa saa sita ya mchana ni ipi. Basi kwa kuwa mchana umelaliwa, yaliyoachwa hufanywa usiku: kununua, kuzuru jamaa, watoto kucheza. Chakula cha usiku hakiliwi kabla ya saa tatu, na aghlabu huwa saa nne. Tuliwakuta watoto wa miaka mitatu minne wakipanda bembea saa tano u nusu, wazee wao wameketi pembeni wakizungumza, na hapana aliyeona ajabu.

Kupunga hewa

Shughuli kuu ya jioni ya Málaga haina tiketi wala kiingilio, nayo ni kutembea. Wao huiita paseo. Sisi tuna neno letu, kupunga hewa. Watu huoga, hubadili nguo, hujitia manukato, kisha hutoka familia nzima kuzunguka polepole. Barabara mashuhuri kwa hilo ni Calle Larios, iliyofunguliwa mwaka 1891, pana, iliyotandikwa marumaru, na isiyoruhusiwa magari. Kiangazi hutandwa vitambaa virefu vya kivuli juu yake, kutoka paa hadi paa, mfano wa tanga za majahazi. Ukiishuka hadi mwisho unakuta bustani ndefu yenye mitende iliyo sambamba na bandari, kisha gati lililogeuzwa kuwa mahali pa matembezi mwaka 2011, na mbele yake mnara wa taa uitwao La Farola, uliojengwa mwaka 1817. Watu huenda hadi mnarani, wakasimama kutazama meli, wakarudi. Mtu wa Mombasa asingepotea hapo. Ni hamu ile ile itupelekayo sisi Lighthouse jioni, kutazama meli zikiingia Kilindini huku tukila mhogo wa kukaanga na pilipili.

Lililotushika zaidi ni akina baba. Saa nne za usiku waliosukuma vigari vya watoto wachanga aghlabu walikuwa wanaume, na wake zao wakitembea kando yao mikono mitupu, wakizungumza. Bibi vizee wametoka na pepeo zao, wamevaa vizuri, wameshikwa mikono na wajukuu, wakaketi kwenye viti vya barabarani hadi saa sita. Uzee na mtoto mchanga, ambavyo kwetu ni udhuru wa kubaki ndani, huko havikumzuia mtu kutoka. Jambo hili tutalirudia, maana halikututoka moyoni.

Kahawa nayo ina elimu yake. Málaga kuna majina maalumu ya kahawa kwa kipimo cha maziwa. Iliyo maziwa karibu yote huitwa wingu, iliyozidi kidogo kahawa huitwa kivuli, iliyogawika sawa huitwa nusu, na kuendelea hivyo hadi kahawa tupu. Mteja hutaja jina tu, na mhudumu ameshajua apime vipi. Sisi tuliokua tukisikia muuza kahawa wa Mji wa Kale akigonga vikombe vyake tulichagua iliyo tupu, tukaletewa katika gilasi ndogo, chungu kama ya kwetu, ila bila tangawizi.

Mezani hapo tulitega sikio, tukasikia maneno tunayoyajua. Sukari kwao ni azúcar, na zeituni ni aceituna. Zafarani ni azafrán. Mtu asiyetaka kumtaja mwenziwe kwa jina humwita fulano, nasi twasema fulani. Neno lao hasta, la kuonyesha mwisho wa safari au wakati, ni hili letu hata, na yote mawili chimbuko lake ni hatta ya Kiarabu. Mtu akitamani jambo liwe husema ojalá, na ndani ya neno hilo limo jina la Allah, ijapokuwa wengi wanaolitamka hawana habari. Bahari mbili zilizo mbali, na lugha mbili zisizokuwa na udugu, zimekunywa katika kisima kimoja.

Samaki wa El Palo

Anayetaka kula vyema usiku na atoke katikati ya mji aelekee mashariki, kwenye vitongoji vya pwani vya Pedregalejo na El Palo. Palikuwa mahali pa wavuvi, na nyumba ndogo ndogo zingali zimepangana mbele ya mchanga. Hapo chakula cha sifa ni espeto, yaani dagaa wakubwa aina ya sadini waliotungwa katika kijiti cha tete na kubanikwa kwa moto. Jiko lake ni mashua. Huchukuliwa mashua ndogo ya kizamani, ikajazwa mchanga, na juu ya mchanga huwashwa moto wa kuni za mzeituni. Vijiti husimamishwa mchangani upande upepo utokako, ili moshi usiwaingie samaki, na mbanikaji huvigeuza mara moja tu.

Ufundi wote uko katika kutunga. Kijiti hupitishwa chini ya uti wa mgongo, si katikati ya nyama, ili samaki akiiva asipasuke akaangukia motoni. Hatiwi kitu isipokuwa chumvi ya mawe. Hapana viungo, hapana mafuta, na limau ni hiari ya mlaji. Kwa familia ya Kiislamu hiki ni chakula chepesi kukiamini, kwani ni samaki, chumvi na moto, na kinapikwa mbele ya macho yako. Wenyeji hula kwa mikono, na hilo peke yake lilitufanya tujione tumefika kwetu.

Vinywaji vya halali havikosekani. Kuna maji ya limau yaliyopondewa barafu laini, na kuna horchata, kinywaji cheupe mfano wa maziwa, kitamu, kitokanacho na vijiazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago. Kuna supu baridi ya lozi na kitunguu saumu inayoliwa na zabibu mbichi, nayo ni ya mkoa huo hasa. Tahadhari ziko mbili. Nyama ya nguruwe huingia mahali usipoitarajia, hata ndani ya sahani ya mboga, na mvinyo hutumika katika mchuzi. Uliza kila mara, na uulize kabla ya kuagiza. Hatukumkuta mhudumu aliyechukizwa na swali hilo.

Mgeni aliyelala Mombasa usiku mmoja

Ukirudi mjini usiku utaiona ngome juu ya kilima imemulikwa kwa taa za manjano. Ile ya chini ni Alcazaba, ambalo ni neno letu la kasba, na sehemu kubwa yake ilijengwa katika karne ya 11 na watawala wa Kiislamu. Ile ya juu ni Gibralfaro, iliyoimarishwa na Sultani Yusuf wa Kwanza wa Granada katika karne ya 14. Miguuni pa ngome kuna ukumbi wa michezo wa Warumi, wa mawe, uliofukiwa karne nyingi na ukagunduliwa mwaka 1951. Watu huketi mbele yake usiku wakila barafu tamu, na watoto hukimbizana. Wafoinike waliasisi mji, Warumi wakajenga, Waislamu wakaukalia zaidi ya miaka 700, na yote hayo yaonekana kwa mtu aliyeketi mahali pamoja.

Ibn Battuta wa Tangier alifika hapa yapata mwaka 1350. Wasomaji wetu wanamjua, kwani ndiye yule aliyepita pwani yetu mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja kabla ya kusafiri kwenda Kilwa, akatuandikia kuhusu misikiti yetu ya mbao na watu wake wenye dini. Miaka kama 20 baadaye msafiri huyo huyo aliingia Málaga, akaisifu kwa zabibu zake, makomamanga yake, tini na lozi zinazosafirishwa mashariki na magharibi, na vyombo vya udongo vilivyopambwa kwa rangi ya dhahabu. Aliusifu pia msikiti wake mkuu, wenye ua mpana na michungwa mirefu.

Ndani ya msikiti huo alimkuta kadhi wa mji ameketi na mafakihi na wakubwa wa mji. Walikuwa wakichangisha fedha za kuwakomboa mateka, watu wa pwani waliochukuliwa na maharamia wa Kikristo waliokuja kwa merikebu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kadhi siku hiyo, kukusanya dirhamu kwa dirhamu ili mama wa mtu arudishiwe mwanawe.

Msikiti huo haupo leo. Mahali pake limesimama kanisa kuu, lililoanza kujengwa katika karne ya 16 na kuachwa mwaka 1782 bila kukamilika. Mnara wake mmoja ulifika juu, wa pili ulikatikia njiani, na kwa sababu hiyo wenyeji hulitania kwa jina la bibi mwenye mkono mmoja. Pembeni yake kuna bustani yenye michungwa. Tulisimama hapo baada ya isha, pakiwa pametulia, na harufu ya majani yake yaliyomwagiwa maji ilikuwa nzuri. Hatukusema mengi.

Fataki za Agosti

Sasa tufike kwenye jambo zito tulilolitaja mwanzo. Kila mwaka katikati ya Agosti Málaga hufanya sherehe kubwa kupita zote, iitwayo Feria. Hudumu kwa takriban wiki nzima. Mchana watu hujaza barabara za katikati ya mji, wanawake wamevaa magauni ya marinda na maua vichwani, ngoma na magita yakilia. Usiku sherehe huhamia kwenye uwanja mkubwa nje ya mji, wenye taa maelfu, pembea za kuzunguka na vibanda. Hufunguliwa kwa fataki zinazorushwa juu ya bahari saa sita za usiku, na mji mzima humiminika ufuoni kuzitazama.

Kinachokumbukwa katika sherehe hiyo ni kuingia kwa wafalme Ferdinand na Isabella mjini mnamo Agosti 1487. Walikuwa wameuzingira mji tangu Mei, baharini na barani. Amiri wa ngome, Hamad al-Thaghri, alikataa kusalimu amri, na watu wakafikia kula farasi na majani. Mji ulipoanguka, raia karibu wote walifanywa watumwa. Waliwekewa fidia ambayo hawakuweza kuitimiza. Wengine walibadilishwa kwa mateka wa Kikristo waliokuwa Afrika, wengine wakauzwa kulipia gharama za vita, baadhi wakapelekwa zawadi kwa Papa wa Roma, na wasichana wa mji wakagawiwa malkia wa Napoli na malkia wa Ureno. Mji uliokuwa ukichangisha fidia ya mateka wake haukupata wa kuuchangia siku yake ilipofika. Granada yenyewe ilianguka Januari 1492, chini ya miaka mitano baadaye.

Tulikuwa tumepanga nyumba karibu na bahari, na usiku wa fataki ulikuwa wa tatu wetu mjini. Binti yetu alikuwa ameshasikia kwa watoto wa jirani, akauliza tutatoka saa ngapi. Sisi tulitaka kubaki ndani. Ahali yetu alitaka kwanza kusikia rai ya mwenyeji, na mwenyeji aliyekuwa karibu alikuwa mama mmoja wa Kimoroko, mzaliwa wa Tetouan, mwenye duka la viungo na tende katika mtaa wetu. Tulizungumza naye kwa Kiarabu, chake cha Moroko na chetu cha madrasa, tukaelewana kwa subira.

Akamwambia ahali yetu: “Dada yangu, wanangu wamezaliwa hapa. Nikiwafungia ndani wiki nzima, wataona mji huu si wao. Nami siwatoi bila kuwaambia, maana watakua wakidhani babu zetu hawakupita hapa. Usiku nawapeleka waone fataki, wanywe maji ya limau. Kesho yake nawapeleka sokoni, nawaonyesha lango.”

Akatugeukia sisi, akasema kwa adabu: “Nawe, sheikh, uamuzi ni wenu. Lakini mtoto mwambieni kabla, si baada.”

Tukafuata shauri lake. Baada ya isha tuliketi mchangani, tukamsimulia binti yetu habari za mwaka 1487 kama tulivyowasimulia nyinyi, kwa maneno ya umri wake. Alisikiliza. Fataki zilipoanza alizitazama kama mtoto yeyote, na nyingine alizishangilia. Zilipokwisha akauliza kama wale wasichana waliopelekwa kwa malkia walikuwa wakubwa kuliko yeye. Mama yake akamwambia kuwa wengine huenda walikuwa rika lake. Akanyamaza, akaushika mkono wa mama yake, na tukarudi hivyo hadi nyumbani, katikati ya watu walioimba.

Hatukuwachukia watu hao. Waliocheza ufuoni usiku ule hawakumuuza mtu, na wengi wao hawakuwa wakifikiria kuanguka kwa mji wowote. Walitoka kufurahi na watoto wao baada ya mchana wa joto. Mwislamu hahukumu mtu kwa dhambi ya babu wa babu yake. Ila kujua ni haki ya mtoto, na mzazi akimnyima, mtoto atayapokea mambo kwa mkono wa mwingine.

Lango alilolitaja yule mama ni la soko la Atarazanas. Soko lilijengwa katika karne ya 19, lakini lango lake ni la zama za Waislamu, la karne ya 14, lenye tao la marumaru. Jina lenyewe ni la Kiarabu, dar as-sinaa, nyumba ya kazi, kwani palikuwa ni mahali pa kuundia merikebu, na wakati huo maji ya bahari yalifika hapo mlangoni. Juu ya tao kuna ngao mbili ndogo, na ndani yake imechongwa kauli ya watawala wa Granada: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Tulikwenda asubuhi, kwa kuwa soko hufungwa baada ya adhuhuri. Binti yetu aliyasoma maandishi peke yake kwa Kiarabu alichosomeshwa madrasa, polepole, akiinua shingo. Chini yake watu walikuwa wakipita na vikapu vya zeituni na lozi.

Wasiofurahia

Haifai kuusifu usiku wa Málaga bila kuwataja wanaousumbukia. Katikati ya mji, kuanzia saa sita na kuendelea, familia hurudi makwao na mitaa hubaki kwa walevi na makelele. Wenyeji wa hapo wamelalamika muda mrefu kwamba hawalali. Aidha nyumba zao hupangishwa watalii kwa siku, na kodi imepanda hadi kijana wa mji hawezi kukaa alikozaliwa. Mwezi wa Juni 2024 maelfu ya watu waliandamana Málaga kwa ajili hiyo. Wasomaji wetu wa Lamu, walioshuhudia nyumba za mawe za wazee zikinunuliwa na wageni moja baada ya moja, hawatahitaji maelezo zaidi. Mji wenye usiku mzuri huvutia watu wa mbali, na wa mbali wakizidi, wenye usiku wao huondolewa.

Kwa hiyo, atakayekwenda na ahali yake, tunamshauri apange nyumba nje kidogo ya katikati ya mji, arudi ndani ifikapo saa sita, na asiipoteze isha kwa kuwa imechelewa. Alfajiri ya Agosti huingia baada ya saa kumi na mbili, na jua huchomoza saa moja u nusu imepita, kwa hivyo anayelala saa sita u nusu bado ana usingizi wa kutosha. Mji una msikiti mkubwa uliofunguliwa katika muongo wa kwanza wa karne hii, na ndugu zetu wa Moroko wako wengi, maana meli za Melilla huondokea bandari hiyo hiyo.

Usiku ni wa nani

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wameeleza kuwa katika karaha hiyo hayamo mazungumzo ya elimu, ya mgeni, na ya mtu na ahali yake. Imepokewa pia kwamba safarini, usiku ulipoingia, alikuwa akienda sambamba na Bibi Aisha (r.a.) wakizungumza, na kwamba siku ya Idi alimsitiri Bibi Aisha akawatazama Mahabeshi wakicheza kwa mikuki, naye asimwondoe mpaka aliposhiba mwenyewe. Basi starehe ya usiku pamoja na ahali si jambo tulilokwenda kujifunza Uhispania. Tulikuwa nalo kabla.

Nalo twalijua kwa matendo. Katika Ramadhani, na katika siku za Idi viwanjani Makadara, mama zetu na watoto hutoka usiku, na pwani yetu hupendeza. Siku nyingine, baba huenda barazani kuanzia magharibi, akarudi kula, akatoka tena hadi saa nne. Mama hubaki na sufuria, watoto na simu. Ukimuuliza mwanamume, atasema barabarani hapana usalama na taa hazitoshi. Ni kweli, na wenye kusimamia kaunti zetu wana wajibu wa taa, viti na ulinzi, kwani usiku wa Málaga hukaa salama kwa kuwa watu wengi wapo, wake kwa waume, chini ya taa zinazowaka. Lakini njia ya kutoka nyumbani hadi ufuoni haihitaji kaunti ili mume asukume kigari cha mtoto.

Tuliporejea tuliketi na wenzetu wa baraza tukawaeleza haya. Wengine walicheka. Mmoja, mzee kutuzidi, alisema kwamba mkewe hajauona mlango wa bahari usiku tangu mwaka waliooana. Jumamosi iliyofuata alimchukua, pamoja na mjukuu mmoja. Walikula mhogo na wakanywa madafu, wakarudi saa tatu.

Wabillahi tawfiq.